Ujuzi Hauzeeki, Lakini Huota Kutu: Maisha ya Rubani Beryl Markham

Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa bara na riziki. Nimepanga nyumba Umoja, mashariki ya Nairobi, mtaa ambao umekaa kati ya viwanja viwili vya ndege. Upande wa magharibi iko Eastleigh, kambi ya wanahewa. Upande wa kusini mashariki uko uwanja mkubwa wa Embakasi, uitwao leo Jomo Kenyatta. Basi mlio wa ndege kwetu sisi ni kama mlio wa bahari kwa mtu wa Lamu: haumwamshi aliyelala wala haumshughulishi aliye macho.

Isipokuwa mtu mmoja. Jirani yangu ana kijana wa kiume ambaye kila ndege ipitapo huinua kichwa, hata kama ana tonge mkononi. Kijana huyu ni rubani. Babake aliuza kipande cha shamba ili mwanawe akasomee urubani katika uwanja wa Wilson, ng'ambo ya pili ya jiji, na kijana hakumwangusha. Alihesabu saa zake angani, akatahiniwa, akapewa leseni ya rubani binafsi, ile imruhusuyo mtu kurusha ndege ndogo pasipo kulipwa. Kisha fedha zikaisha. Saa moja ya kukodi ndege ni mshahara wa watu kadhaa wa mtaa wetu, na aliyekuwa akimlipia akafilisika. Miaka mitatu ikapita kijana hajashika usukani.

Jioni moja alikuja kuketi nami penye ngazi ya nyumba, kama ilivyo ada yake, akanieleza jambo lililomkera. Jamaa yake mmoja, mwenye rafiki aliye na ndege ndogo shambani, alimtaka awapeleke yeye na mkewe Malindi kwa siku mbili. Kijana alikwisha kwenda kwa daktari, akapata cheti kipya cha afya. Leseni iko mfukoni. Ndege ipo. Alitaka nimwambie, mimi mtu mzima, kama kuna ubaya wowote.

Nilimuuliza sheria yasemaje, na sheria aliijua vizuri kuliko mimi. Rubani hachukui abiria ila awe ameruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Na aliyekaa miaka ndipo zaidi: hana budi kurudi kwa mwalimu, aketi naye bega kwa bega, arudie masomo mpaka mwalimu aridhike, kisha ajaribiwe upya. Hayo yote aliyajua. Lililomshinda ni haya. Vijana aliosoma nao sasa wamevaa mabega ya dhahabu katika mashirika. Yeye arudi akakae kiti cha mwanafunzi, tena kwa fedha za kukopa? Akanikumbusha methali yetu wenyewe, kwamba ujuzi hauzeeki.

Msomaji mpenzi, methali hiyo sikuibisha, maana methali habishani nayo mtu akashinda. Lakini nilimsimulia maisha ya bibi mmoja ambaye aliijua methali hiyo kwa pande zake zote mbili, na ambaye bila shaka aliwahi kuruka juu ya tambarare hizi kabla hazijawa Umoja, zilipokuwa nyasi na wanyama. Bibi huyo ni marehemu Beryl Markham. Maisha yake nayaeleza hapa kama nilivyomweleza kijana.

Beryl alizaliwa Uingereza, katika kijiji cha Ashwell, tarehe 26 Oktoba 1902. Jina la babake ni Charles Clutterbuck, mtu wa farasi. Babake alikuja Kenya, akajenga shamba Njoro, katika Bonde la Ufa, na binti akaletwa angali mdogo sana, hata miaka mitano hajatimiza. Mamake hakuyaweza maisha ya msituni. Alirudi kwao mwaka 1906 pamoja na kaka yake Beryl, na mtoto wa kike akabaki na babake.

Basi alilelewa na nani? Baba alikuwa na kinu, mashamba na farasi wa kushughulikia. Mtoto alilelewa na uwanja wa nyumba na watu waliokuwamo. Wenziwe wa kucheza walikuwa watoto wa Kipsigis, nao walimfunza kutupa mkuki, kufuata nyayo za mnyama na kutembea mwituni bila kupiga kelele. Kiswahili alikijua tangu utoto. Mmoja wa wenziwe hao ni mtoto aliyeitwa Kibii, ambaye alipopata utu uzima alijulikana kwa jina la arap Ruta. Mlikumbuke jina hilo, kwa kuwa litarudi.

Hapa yataka nisite kidogo, niseme lililo kweli. Nchi ile ilikuwa ya kikoloni. Ardhi waliyoilima akina Clutterbuck ilikuwa na wenyewe kabla yao, na milango iliyomfungukia Beryl haikumfungukia Kibii. Simtaji bibi huyu ili kuusifu wakati ule. Namtaja kwa ajili ya kazi ya mikono yake.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, ukame ukaja. Babake alikuwa ameweka ahadi ya kuuza unga kwa bei iliyokatwa mapema, na mvua ilipokosekana bei ya nafaka ikapanda naye hana njia ya kujitoa. Akafilisika. Shamba likauzwa, na Mzee Clutterbuck akasafiri kwenda Peru, Amerika ya Kusini, kufunza farasi huko. Beryl alikataa kufuatana naye. Alibaki Kenya na ujuzi mmoja tu aliourithi, nao ni farasi. Hata miaka ishirini hajaifikia, akapata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo mwanamke hakuwahi kulifanya katika nchi hii.

Watu walicheka, kama wachekavyo. Lakini mwaka 1926 farasi wake, jike aitwaye Wise Child, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kudhaniwa haifai kitu, alishinda mashindano makubwa ya St Leger hapa Nairobi. Siku hizo farasi walikuwa wakishindana upande wetu huu wa mashariki ya mji, kabla uwanja haujahamishiwa Barabara ya Ngong mwaka 1954. Jina la Racecourse Road, pale karibu na Kariakor, ni kumbukumbu yake. Watu wengi wa Umoja hupita hapo kila siku kwa matatu, wala farasi hawawapitikii akilini.

Kuhusu ndoa zake nitasema kwa ufupi. Aliolewa mara tatu, na hakuna ndoa iliyodumu. Jina la Markham alilipata kwa mumewe wa pili, na mtoto wake wa pekee, Gervase, alizaliwa mwaka 1929. Mengine yaliyosemwa juu yake yamekwisha kujaza vitabu vya watu. Sisi tuliolelewa vyuoni tulifunzwa kuwa maiti hatajwi kwa aibu zake, na adabu hiyo haichagui kabila wala dini ya maiti.

Sasa tuje angani. Mwaka 1929 bibi mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways Nairobi, na rubani wake wa kwanza alikuwa Tom Campbell Black. Uwanja wao ndio huo ambao tangu 1962 unaitwa Wilson. Tom ndiye aliyemfunza Beryl. Ndege za wakati ule zilikuwa za mbao na kitambaa, rubani akiketi wazi upepo ukimpiga usoni, hana redio, na ramani zenyewe mahali pengi zikiwa ni karatasi nyeupe. Mwalimu huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwachia mwanafunzi akosee mpaka karibu na hatari, kisha humrekebisha, ili kosa limkae mwilini. Mwaka 1931 Beryl alipata leseni ya kwanza, ile ya rubani binafsi, sawa na hii aliyo nayo kijana wetu.

Mwaka huo huo alionja ukali wa kazi yenyewe. Alikuwako Nairobi Mwingereza mmoja, Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu aliyekuwa na nyumba Takaungu, pwani yetu, kusini ya mji wa Kilifi. Yeye naye alikuwa na ndege yake. Mwezi wa Mei 1931 alitaka kuruka hadi Voi kutafuta tembo kutoka juu, akamwalika Beryl wafuatane. Tom, mwalimu wake, alimshauri Beryl asiende siku ile, naye akamtii. Tarehe 14 Mei ndege ya Finch Hatton iliinuka kutoka Voi, ikaanguka karibu na uwanja ikaungua moto. Alikufa yeye, na alikufa pamoja naye mtumishi wake, Kamau, ambaye waandishi wengi humsahau. Sababu ya ajali haikujulikana kwa yakini. Beryl alibaki hai kwa sababu alimsikiliza mwalimu.

Wengine wangeacha. Yeye alizidi. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Avian, akiwa na saa chache tu za angani, akifuata Mto Nile na kupita jangwa na bahari. Mwaka 1933 alipata leseni ya pili, ile ya rubani wa biashara, iliyomruhusu kulipwa. Leseni hiyo haikupatikana kwa umaarufu. Ilimlazimu asome elimu ya dira na njia, aijue injini kwa kuifungua na kuifunga, na aruke usiku.

Akafanya kazi. Alichukua barua, abiria, dawa na wagonjwa, akashuka penye viwanja vilivyokuwa vichaka vilivyofyekwa tu. Alitafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, kazi ambayo leo tungeichukia, na hata wakati ule yeye mwenyewe alijua hatari yake: injini ikizima juu ya msitu wa miiba hakuna pa kutua. Nyuma ya kila safari alikuwako arap Ruta. Mtu huyu aliyekuwa akitunza farasi alijifunza kutunza ndege, kuisafisha, kuitia petroli na kuingoja irudi. Wakati huo urubani ulikuwa ni wa wazungu wenye fedha, na Ruta hakupewa usukani. Lakini ndege isiyotunzwa chini haikai juu.

Sifa yake kubwa ilipatikana mwaka 1936. Wakati huo bahari ya Atlantiki ilikuwa imekwisha kuvukwa kutoka magharibi kwenda mashariki, upepo ukimsukuma rubani mgongoni. Amelia Earhart, Mmarekani, alivuka hivyo peke yake mwaka 1932. Kuvuka kutoka Uingereza kwenda Amerika, upepo ukiwa usoni, ni jambo jingine. Sisi watu wa majahazi hatuhitaji kuelezwa tofauti ya kwenda joshi na kwenda tanga mbele. Mwenye kuipinga pepo hula chakula kingi na mwendo mchache.

John Carberry, mlowezi wa Kenya, alimwazima ndege yake aina ya Vega Gull, yenye injini ya nguvu za farasi 200. Ndani yake yalitiwa matangi ya ziada ya petroli mpaka nafasi ya kugeuka ikawa haba. Redio hakuna. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliinuka kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake, katika mvua na upepo. Kila tangi lilipokwisha injini ilizimika, na yeye gizani, maji meusi chini yake, hufungua tangi jingine kwa mkono na kungoja injini iwake tena. Fikiri, msomaji, kungoja huko.

Aliruka saa 21 na dakika zipatazo 25. Alikusudia New York, lakini tangi la mwisho likashindwa kutoa petroli sawasawa. Ilidhaniwa kuwa barafu iliziba tundu la kupumulia. Injini ikawa yazima na kuwaka, yazima na kuwaka, mpaka akaiona nchi kavu ya Cape Breton, katika Nova Scotia, Kanada. Alijaribu kutua mahali palipoonekana ni uwanda, kumbe ni kinamasi chenye mawe. Ndege ikachimba pua. Yeye akatoka na jeraha la kichwa, akitembea kwa miguu yake. Hakufika New York kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na mtu wa kwanza kufika Amerika peke yake bila kutua akitokea Uingereza. New York ilimpokea kwa shangwe kubwa.

Kisha likaja jambo lililonifanya nimchague bibi huyu kwa ajili ya kijana wangu. Tarehe 19 Septemba, siku kumi na tano tu baada ya safari ile, Tom Campbell Black aliketi ndani ya ndege yake katika uwanja wa Speke, Liverpool, ikiwa ardhini bado, akijiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga, akafa. Mwalimu aliyenusurika mbuga na jangwa la Afrika alikufa penye nyasi za uwanja.

Baada ya hapo urubani wa Beryl ulififia. Mwaka 1939 alihamia Marekani, akaishi California. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, West with the Night, kilichosifiwa na kusahauliwa, maana dunia ilikuwa vitani. Wapo waliobisha kuwa hakukiandika peke yake, na ubishi huo haujesha. Lakini kazi ya urubani hakuirudia. Mtu aliyevuka Atlantiki akiwa na miaka 33 hakuishi kwa usukani wa ndege katika miaka 50 iliyofuata ya umri wake.

Hapo kijana wangu alinitazama kwa mshangao. Alidhani ningemwambia kuwa bibi alipanda tena ndege akawa kama zamani. Sikumwambia hivyo kwa sababu si kweli. Na sikuliona kuwa ni aibu. Bibi aliiacha mbingu, na alipoiacha aliiacha. Hakusimama katikati, sifa za juzi mfukoni na roho za watu kiti cha nyuma.

Lakini kuna upande wa pili. Kufikia mwaka 1950 Beryl alikuwa amerudi Kenya, fedha hana, ndoa yake ya tatu imevunjika, afya yake si nzuri. Sasa ana karibu miaka hamsini. Miaka kama ishirini ilikuwa imepita tangu aache kufunza farasi kwa kazi. Wafunzaji wapya wamejaa, na wengi hawakumjua. Huyu ndiye aliyepigiwa makofi na jiji zima la New York, na sasa anaamka kabla ya mapambazuko kwenda kukagua kwato.

Alianza kidogo kidogo, kwa farasi wachache. Alirudia yale yale aliyofunzwa utotoni na babake: chakula hupimwa, mguu wa farasi huguswa kila siku kwa mkono wa mtu mwenyewe, mazoezi hayaruki siku. Ujuzi wa zamani ulikuwapo, haukuzeeka, lakini alikubali kwanza kuukwangua kutu. Katika miaka ya 1950 na 1960 akawa miongoni mwa wafunzaji wakubwa kabisa wa farasi katika nchi hii, na imeandikwa kuwa farasi wake walishinda Kenya Derby mara sita. Alikaa miaka kadhaa Afrika ya Kusini, mambo yakamwendea kombo, akarudi tena Nairobi na kuanza tena.

Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa farasi wa Barabara ya Ngong. Mali hakuwa nayo. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapwa upya Marekani, safari hii kikapendwa sana, na bibi mkongwe akapata fedha na wageni mwisho wa umri. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 ya safari yake ya Atlantiki.

Nilipokwisha kumsimulia, kijana alinyamaza. Kisha akaniuliza, kwa heshima yake, kama mimi nijuaje habari za kutu, mtu ambaye kazi yake ni kalamu. Nikamweleza langu, nalo nalieleza hapa ingawa si la kujivunia.

Nilisoma chuoni utotoni, na nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa nimehifadhi sehemu kubwa ya Kurani. Nilipokuja Nairobi, magazeti yakanishughulisha. Kusoma nilisoma, lakini kwa kupitia pitia, nikijiambia kuwa kilichoingia kifuani utotoni hakitoki. Ramadhani moja, katika msikiti mdogo, imamu aliumwa, na kwa sababu ya umri wangu na kofia yangu nikasukumwa mbele nisalishe tarawehe. Rakaa ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya tatu nikaingia katika sura niliyoijua kama jina langu, na katikati aya zikanipotea. Nikarudi nyuma, zikanipotea tena. Mtoto wa miaka kumi hivi, safu ya pili, ndiye aliyenitoa, akanisomea kutoka nyuma yangu.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kutuonya: Kurani huponyoka upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba, asipoangaliwa. Hadithi hiyo niliijua tangu chuoni. Usiku ule niliielewa. Baada ya Idi nilimwendea mwalimu aliye mdogo kwangu kwa miaka ishirini, nikakaa mbele yake na msahafu. Wiki ya kwanza uso uliniwaka. Wiki ya tatu nilisahau umri wake.

Na kwa kijana huyu hesabu ni kubwa kuliko yangu. Mimi nikisahau, yuko mtoto nyuma wa kunikumbusha. Yeye akisahau juu ya Voi, nani atamsomea kutoka nyuma? Jamaa yake na mkewe hawajui. Mwenyewe alinieleza kuwa rubani aliyekaa muda mrefu hasahau kugeuza usukani. Husahau mpangilio: kipi hukaguliwa kabla ya kipi, maneno ya redio, upepo wa ubavuni wakati wa kutua, na la kufanya injini inapozima, ambapo sekunde ndizo zihesabiwazo. Uwanja wa Wilson wenyewe uko juu ya bahari kwa futi zaidi ya 5,500. Hewa yake ni nyepesi, na jua likiwa kali ndege hukimbia masafa marefu kabla ya kuinuka. Mkono uliozoea hulijua hilo bila kufikiri. Mkono uliolala hulikumbuka baada ya uwanja kwisha.

Alimpigia simu jamaa yake usiku ule ule. Sikuyasikia yote, ila niliona aliyashika maneno mafupi na sauti ya chini. Jamaa alikasirika, wakaenda Malindi kwa gari.

Miezi miwili ikapita, kijana akiweka akiba shilingi kwa shilingi, na babake akaongeza. Jumamosi moja aliniomba nimsindikize. Tukapanda matatu mpaka mjini, tukabadilisha nyingine ya Lang'ata, tukafika Wilson. Mwalimu wake alikuwa binti, umri wao yapata sawa. Nilisimama penye ua wa waya nikiwaona wakiizunguka ndege, binti akimwonyesha kitu chini ya bawa, kijana akipiga magoti kukitazama, kisha akikiandika katika daftari.

Waliruka wakazunguka, wakatua, wakaruka tena. Kutua kwa kwanza ndege iliruka ruka kama mbuzi. Kwa pili ikatulia kidogo. Mara ya tatu sikuweza kuona kwa vumbi na jua. Aliposhuka shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na aliponijia hakuzungumza habari ya sifa. Aliniambia tu kuwa mwalimu amemtaka arudi Jumamosi ijayo, na kwamba kuna makosa manne ya kusahihisha.

Nikamwambia makosa manne si mengi, na kwamba mimi bado nina sura mbili. Tukaenda zetu kungoja matatu.